Suruali ya mvua inalowa kwa ndani: tatizo kitambaa, jasho au uvaaji?

#1 Mzigo Mwepesi
Habari wakuu. Tuko kundi la watu wanane, mwishoni mwa Novemba tunapanda milima ya Uluguru kutokea Morogoro mpaka uwanda wa juu wa Lukwangule, tunalala juu usiku mbili. Vuli itakuwa imekolea. Dar tunaondoka na nyuzi 32, kule juu ni ukungu na mvua za vipindi. Nimepanga nguo zote za miguuni, ninayovaa na ninayobeba, zisizidi gramu 700:

Bukta ya kukimbilia, gramu 150
Suruali ya nailoni, gramu 320
Suruali ya mvua, gramu 240

Swali langu liko kwenye hiyo ya tatu. Lebo inasema inazuia maji kwa kipimo cha milimita 10,000, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hayajapenya. Haijachanika, mishono yote ina tepu. Lakini ukitembea nayo mvuani saa moja, mapaja yote chepechepe kwa mbele. Maji yanapita wapi? Na kama yanapita, kuna haja gani ya kuibeba?

#2 Joto la Pwani
Hayapiti popote mkuu. Hilo ni jasho lako.

Kitambaa kinachosemwa kinapumua hakina feni ndani. Mvuke unatoka tu pale ambapo ndani upo mwingi kuliko nje. Ngozi ya paja iko kwenye nyuzi 33 hivi. Ukiwa chini ya mita 1,500 mwezi wa Novemba, hewa ya nje ina joto na imeshashiba unyevu. Tofauti kati ya ndani na nje ni ndogo mno, na wewe unapanda mlima na begi la kilo 12, mapaja ndiyo yanayofanya kazi kubwa kuliko kiungo kingine. Jasho linazalishwa kwa kasi kuliko linavyotoka. Ukinunua ya bei mara tano utalowa vilevile, labda utachelewa kidogo tu.

Kinachosaidia ni tundu. Tafuta yenye zipu ya pembeni inayofunguka toka kiunoni mpaka gotini, yenye vichwa viwili, ili ufungue katikati ukiacha juu na chini pamefungwa.

#3 Kijiko Uma
150 + 320 + 240 = 710. Umeshapitiliza hata hujafika Kibaha. Kata lebo.

#4 Nyuzi na Pindo
Joto la Pwani kasema kweli nusu. Kabla ya kulaumu jasho, mleta uzi aangalie kitambaa kwa nje mvua inaponyesha. Matone yanaviringika na kudondoka, au yanatapakaa mpaka kitambaa kinabadilika rangi kuwa cheusi?

Kama yanatapakaa, ile dawa ya kufukuza maji iliyopakwa juu imekufa. Utando wa ndani unaozuia maji bado ni mzima, ndiyo maana huoni tundu. Ila tabaka la nje likishajaa maji linafunga njia ya mvuke na linapoa, mvuke wa ndani ukigusa ule ubaridi unageuka maji. Kwa hiyo ni jasho ndiyo, lakini aliyelizuia ni kitambaa kilichochoka.

Kuihuisha:
Funga zipu na velkro zote. Fua kwa mkono na sabuni ya maji, kidogo. Usitumie ya unga, chembe zake zinabaki kwenye nyuzi na zinavuta maji. Ya kulainisha nguo ndiyo usiiguse kabisa, inaua ile dawa moja kwa moja. Suuza mara mbili au tatu mpaka maji yasiwe na povu. Usikamue kwa kusokota. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Halafu weka kitambaa cha pamba juu yake, piga pasi ya moto wa chini bila mvuke, ukipitisha taratibu kila sehemu. Joto ndilo linaloamsha dawa iliyobaki. Ukidondoshea maji na bado yanatapakaa, dawa imekwisha, inabidi upake upya ya kunyunyiza.

Paja na makalio ndiyo yanaanza kufa, kwa sababu ya msuguano na kukaa. Angalia hapo kwanza.

#5 Mchana Ukungu
Wote mnatafuta ndani ya kitambaa. Mimi nauliza koti lina urefu gani?

Koti fupi linaloishia kiunoni linamwaga maji ya mgongo wote na begi lote mbele ya mapaja. Mkanda wa begi unabana suruali kiunoni, na kila hatua unakamua maji kwenda chini. Halafu suruali nyingi nyepesi za mvua hazina mfuko, zina mpasuo tu wa kupenyezea mkono ufikie mfuko wa suruali ya ndani. Mpasuo huo hauna zipu. Maji yanateremka na nyonga, yanaingia hapo, yanaishia kwenye paja. Pitisha mkono nyongani uone kama yako inao.

#6 Mzigo Mwepesi
Asanteni. #5, mpasuo ninao, pande zote mbili. #4, maji yanatapakaa mapajani, ila kwenye ugoko yanaviringika vizuri tu.

#7 Joto la Pwani
Haya sasa. Fanya mtihani wa kikombe tujue mbivu na mbichi. Tandika sehemu ya paja juu ya kikombe, upande wa nje ukitazama juu, ibonyeze kidogo iwe bakuli, funga kwa mpira. Mimina maji vijiko vitatu, acha saa mbili. Kikombe kikiwa kikavu, kitambaa hakivuji na mjadala umeisha.

#8 Nyuzi na Pindo
Haujaisha. Kikombe kinapima maji yaliyotulia. Ukikaa kwenye jiwe lililolowa au ukipiga goti, uzito wako unasukuma maji kwa nguvu nyingine kabisa. Kikombe kikavu kinathibitisha tu kwamba hakuna tundu.

#9 Mzee wa Kandambili
Mnahangaika sana vijana. Waluguru wanapanda na kushuka kila siku na kadeti na kandambili, mizigo ya mboga kichwani. Mvua ikinyesha wanalowa, jua likitoka wanakauka. Vaa kadeti yako uende.

#10 Bonde la Mgeta
Shikamoo mzee. Mwenyeji anashuka nyumbani, anabadili nguo, anakaa jikoni kwenye moto. Mwenye begi analala hapo hapo na kadeti yake.

Kadeti na jinzi ni pamba. Hewa ikiwa ya kawaida, pamba inajibebea unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake hata hujalowa. Nailoni ni kama 4, poliesta haifiki hata 1. Ukilowa tofauti inaongezeka: jinzi la gramu 700 linaweza kuvuka kilo moja na nusu, na kule kwenye ukungu halikauki usiku kucha. Pamba iliyolowa haikutunzii joto. Inakunyonya lile ulilonalo.

#11 Kijana wa Bondwa
Na kule baridi si mchezo. Hesabu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Bondwa ndiyo kilele cha juu kabisa cha Uluguru, kwa hiyo kule unagusa nyuzi 10.

#12 Bonde la Mgeta
Hapana mkuu, zote mbili zirekebishe. Bondwa ni mita 2,100 na kidogo, ile yenye minara inayoonekana toka mjini. Ya juu kabisa ni Kimhandu, imevuka 2,600, iko upande wa kusini huko Lukwangule anakokwenda mleta uzi. Nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 ni kwa hewa kavu. Wastani unaotumika ni 6.5, na hewa yenye mawingu inapoa polepole zaidi ya hapo. Ukitoka na 32 ya Dar, kwa mita 2,600 unapata kama 15 mchana. Usiku inashuka tena, na upepo ukikukuta umelowa mwili unasikia baridi kuliko inavyosema namba.

Msisahau pia kibali cha TFS (wakala wa misitu), lile ni hifadhi ya msitu wa mazingira asilia.

#13 Sketi Nyekundu
Acheni suruali ya mvua kabisa. Shoneni sketi ya mvua.

Chini iko wazi, hewa inapita, hilo jasho mnalobishania halipati pa kukaa. Unaivaa na kuivua bila kuvua buti. Ukisimama inakuwa kitu cha kukalia. Vipimo kwa mtu mwenye nyonga ya sentimita 100: upana 130 ili pande zipishane 30 mbele, urefu 72 toka kiunoni mpaka chini kidogo ya goti. Pindo la chini sentimita 1.5. Juu kunja 3 upitishe lastiki ya sentimita 2. Velkro sentimita 10 kiunoni, chini yake vifungo viwili vya kubonyeza, basi. Usifunge mpaka chini, utashindwa kupanda ngazi za mizizi.

Nailoni iliyopakwa, ya gramu 60 kwa mita ya mraba, kipande hicho ni kama gramu 56. Ukiweka lastiki na vifungo haifiki 100. Kijiko Uma apige hesabu sasa.

#14 Kijiko Uma
150 + 320 + 100 = 570. Imebaki 130 ya kubebea karanga.

#15 Mtoto wa Ilala
Wanaume wanane wamevaa sketi Morogoro mjini 😂😂

#16 Sketi Nyekundu
Msuli mnavaa barazani kila jioni, hakuna anayecheka. Ukiwa wa nailoni ndiyo umekuwa sketi?

#17 Mchana Ukungu
#13 sketi ni nzuri kwenye njia pana. Kule njia ni nyembamba, majani yaliyolowa yanakupiga toka gotini kushuka chini, hata mvua ikiwa imekata tangu alfajiri. Sketi inaishia pale pale tatizo linapoanzia. Utahitaji kitu cha kuziba ugoko na mdomo wa buti, na hapo gramu zinarudi. Upepo wa uwanda wa juu nao unaipeperusha.

#18 Nyuzi na Pindo
Tuongee suruali ya kutembelea, maana hiyo ndiyo utakayokuwa nayo mwilini saa tisa kati ya kumi.

Angalia uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba. Chini ya gramu 100 ni ya upepo tu, kwenye miiba haifiki mbali. 120 mpaka 160 ndiyo ya Uluguru. Ukivuka 200 inachelewa kukauka. Nailoni inastahimili msuguano kuliko poliesta. Poliesta inakauka haraka zaidi na inavumilia jua zaidi, nailoni ikianikwa juani kila siku inachoka. Mchanganyiko wa spandeksi, ule uzi wa kuvutika, asilimia 4 mpaka 8 unatosha kuinua goti. Ukizidi hapo inachelewa kukauka na kulegea magotini.

Mfumo wa kufuma nao muhimu. Kule chini kabla ya msitu kuna upupu. Vile vinyweleo vya ganda lake vinapenya taiti na kitambaa cha kuvutika chenye matundu, utajikuna mpaka ushuke. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana, hata kama ni chepesi, vingi vinaishia juu yake. Kwa hiyo bukta ya mleta uzi ni ya kambini na ya kulalia, si ya njiani. Siafu nao wana maoni yao kuhusu bukta.

#19 Bi Tandika
Na hizi zinazokatwa na zipu magotini? Naona ndiyo wengi wanachukua, suruali na bukta kwa mkupuo.

#20 Nyuzi na Pindo
Dada yangu, zinafaa kwa safari ya basi. Mlimani ile zipu inasugua juu ya goti kila hatua, hasa ukilowa. Tope likiingia kwenye meno inakwama, ukilazimisha kichwa kinaachia. Na zinaongeza gramu 40 mpaka 60. Kama unayo tayari, hakikisha kuna kitambaa cha kufunika zipu kwa ndani, na mguu wa chini una zipu fupi ya pembeni ili upite na buti. Bila hiyo utavua buti kila mvua inapokuja.

#21 Karume Asubuhi
Wanaotafuta za mtumba, Karume zipo, ila zichunguzeni.

Shika suruali uitazame dhidi ya mwanga sehemu ya makalio na ndani ya mapaja. Ukiona mwanga unapita kama chujio, iache. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi ndani ya upindo uuchome. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na poliesta zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu, poliesta inatoa moshi mweusi zaidi.

Ya mvua igeuze ndani nje. Kama inanatanata vidoleni, inatoa unga mweupe au ina harufu ya kuchacha, utando umeoza. Poliyurethani, ile plastiki ya utando, inavunjika kwa joto na unyevu, na hii Dar yetu ina vyote viwili, hata ikiwa imekaa kabatini haijavaliwa. Haifufuki kwa kufuliwa wala kwa pasi.

Na zile za madoa ya kijeshi msichukue hata ikiwa nzuri vipi. Zimejaa kwenye marobota, lakini raia hatakiwi kuvaa.

#22 Bonde la Mgeta
Nyongeza kwa #21: uzi uuchomoe kwenye kitambaa chenyewe, si kwenye mshono. Mshono wa suruali ya pamba mara nyingi ni uzi wa poliesta, utayeyuka na utadanganyika.

#23 Cherehani Buguruni
Mkinunua ya mtumba ikabana msambani, fundi aongeze kipande cha umbo la almasi katikati ya miguu, sentimita 12 kwa 18 kinatosha mtu wa kawaida. Mishono minne inayokutana sehemu moja ndiyo inapasuka ukipanda jiwe. Almasi inaitawanya, na inaondoa ule mkusanyiko wa mishono unaochubua mapaja.

Sindano namba 11. Mafundi wengi wanabaki na 14 au 16 waliyoshonea jinzi jana, inatoboa nailoni matundu makubwa na kitambaa kinachanika kufuata mstari wa matundu. Uzi wa poliesta, si pamba. Mshono wa milimita 2.5 mpaka 3, ukiwa mfupi zaidi ya hapo unakuwa kama kuchana kwa sindano. Kata pindo liishie juu ya kisigino, likigusa ardhi linafyonza maji na kuyapandisha mpaka ugokoni.

Ya mvua msiniletee kubana pembeni. Kila tundu la sindano ni mlango, na tepu ya kuziba kwa joto kwa cherehani ya mtaani hatuna.

#24 Mpanda Februari
Wakuu, mimi ni Kili, njia ya Machame, Februari. Mpango huu huu wa mleta uzi unatosha?

#25 Mchana Ukungu
Haitoshi. Siku ya kwanza Machame ni msitu, mvua inaweza kukukuta hata Februari, hapo uko sawa na Uluguru. Tatizo ni usiku wa kilele. Unatembea kuelekea mita 5,895 saa za usiku wa manane, baridi chini ya sifuri, mara nyingi kwa zaidi ya nyuzi 10. Ndani vaa taiti ya joto ya sufu au poliesta, gramu 180 hivi, halafu suruali ya flisi (kile kitambaa cha manyoya manyoya), juu kabisa hiyo ya mvua kama kinga ya upepo. Tatu zinatosha. Watu wanavaa tano, zinabana goti, damu haitembei vizuri na ndiyo wanasikia baridi zaidi. Pima nyumbani: zivae zote, chuchumaa mpaka chini, simama. Kama zinavuta, toa moja au chukua ya mvua namba moja zaidi.

Na kule juu hewa ni kavu na baridi, hivyo kitambaa cha kupumua kinafanya kazi vizuri. Nguo ileile iliyokutesa Morogoro.

#26 Joto la Pwani
#25 kamaliza. Hicho ndicho nilichosema toka #2.

#27 Nyuzi na Pindo
Hajamaliza. Kilimanjaro juu hakuna mvua ya kulowesha tabaka la nje, ni theluji kavu. Inaweza kuwa dawa, si hewa.

#28 Mzigo Mwepesi
Mrejesho. Kikombe kimekaa saa mbili, kikavu. Nikabonyeza kwa dole gumba kwa nguvu, unyevu kidogo ukatokea chini. Nimefua kama #4 alivyosema na kupiga pasi: mbele ya mapaja maji sasa yanaviringika, kwenye makalio bado yanatapakaa. Mipasuo ya nyonga nimeibandika kwa tepu kwa muda.

#29 Joto la Pwani
Kikavu. Asante.

#30 Nyuzi na Pindo
Umesoma mpaka kwenye dole gumba au umeishia katikati?

#31 Bi Tandika
Mbona hakuna aliyeuliza ndani anavaa nini? Kama ni boksa ya pamba, hilo ndilo sifongo. Inakusanya jasho la kiuno chote, halafu inaligawia mapaja mnayoyabishania kurasa mbili. Avae ya kubana ya poliesta au nailoni inayofika nusu ya paja, mshono wa ndani uwe bapa. Inazuia na mapaja kusuguana. Mafuta ya mgando ya kawaida apake kabla ya kutoka, si baada ya kuchubuka, jasho likishakausha chumvi ni kama msasa.

#32 Mzigo Mwepesi
Ni ya pamba.

#33 Kijiko Uma
Uzi mzima huu, kumbe boksa.

#34 Mchana Ukungu
Boksa haielezi kwa nini inalowa mbele ya paja na si nyuma. Maji ya koti yanaeleza.

#35 Mtoto wa Ilala
Mkienda na SGR vaeni suruali zote tatu humo ndani ya behewa. Kile kiyoyozi ndiyo Lukwangule yenyewe.

#36 Bonde la Mgeta
😂 Kabla hamjapanda hilo behewa: kule chini kuna kupe kwenye majani marefu. Chomeka suruali ndani ya soksi. Mwenye dawa ya permethrini ya nguo, ile ya asilimia 0.5, anyunyizie suruali ikiwa imetundikwa nje, asiwe ameivaa, aiache ikauke kabisa. Wenye paka waianike mbali nao, ikiwa mbichi ni sumu kwao. Aipulizie suruali ya kutembelea, ya mvua aiache.

#37 Sketi Nyekundu
Nailoni ya kupakwa nimeona leo mtaa wa Uhuru, upana ni mita moja na nusu. Ukilaza sketi kwa upana, sentimita 80 za urefu zinatosha mtu mmoja na mabaki ya kutengeneza mfuko wake. Cherehani Buguruni, unazishona hizi au ni mpaka mtu aje na vyake?

#38 Cherehani Buguruni
Nashona dada. Velkro mje nayo, na aje mwenye sketi mwenyewe nimpime, asitume vipimo vya suruali.

#39 Mtoto wa Ilala
Mweke na mimi moja. Nyeusi.